Siku ya Gari Jeupe

Gari jeupe liliingia Mahuta saa nne asubuhi,
na kabla vumbi halijatua habari ilishafika shambani:
wanakuja kuwachoma watoto sindano ya korona,
bila kuuliza mtu.

Nilikuwa nimeshika mfuko, Dadi ana bomba la mota mgongoni,
tunapulizia salfa, mikorosho imeanza kutoa maua.
Tukaacha vyote.
Nilikimbia na kandambili moja,
ya pili sijui ilibaki kwa nani,
nikakata shamba la kina Nangomwa,
mbele yangu Sijaona na mimba yake ya miezi saba,
nyuma yangu Esha, mwiko wa ugali bado mkononi.

Shuleni madirisha yamejaa vichwa.
Mwalimu mkuu akagonga kengele, akagonga tena,
nani wa kuisikia.
"Mtoto ni wangu!" nilisema. Labda nilipiga kelele.
Sote tulisema hivyo, kila mtu na wa kwake,
na wangu mimi, Somoe, darasa la pili,
aliutazama mguu wangu ulio peku
akaona aibu.

Gari lilikuwa la watu wa kilimo.
Walikuja kupima udongo.
Kijana mmoja alishuka, akauliza kwa sauti ndogo
ofisi ya kijiji iko wapi.

Tulicheka, baadaye,
kicheko cha watu waliofumaniwa.

Usiku nikaitoa kadi ya kliniki kwenye rambo la zamani.
Matone ya polio. Surua, mara mbili.
Kila mstari una tarehe, una saini ya nesi.
Hakuna niliyoikataa. Hakuna niliyoiuliza.
Nilipanga foleni, nikamvua kishati,
nikamshika paja, nikamwambia nyamaza, imeisha.
Basi hii, ambayo haijafika hata mlangoni,
kwa nini inanikimbiza?

Dadi anasema: zile mama zetu walizijua.
Mwaka jana tujifukize, mwaka huu tuchanje,
mwakani watatuambia nini?
Simjibu. Nafikiria shangazi yake, Asumini,
tulivyojifunika naye blanketi moja juu ya sufuria,
mchaichai na mwarobaini, jasho linatuchuruzika,
akatoka humo anatania kwamba amerudi kuwa mwali.
Siku ya tano tulimzika.
Karatasi iliandikwa kichomi,
na Dadi hapendi niitaje.

Zahanati, nesi Tupokigwe, mtu wa Tukuyu,
hajazoea bado maji yetu ya kununua kwa ndoo.
"Watoto hawamo, mama Somoe. Wakubwa tu.
Anza wewe."
"Na zamu yao ikifika?"
"Mtaulizwa."
"Tukiulizwa, anajibu nani, mimi au baba yake?
Karatasi zenu huwa na mstari mmoja."
Alitazama dirishani kidogo.
"Hilo," akasema, "na mimi sijafundishwa."
Nikampa bega langu. Langu lilikuwa rahisi.

Jumamosi alfajiri tumerudi shambani.
Salfa haina subira, upepo ukiamka umeipoteza.
Mota inanguruma, unga wa njano unapanda,
unakaa kwenye maua, kwenye nyusi, kwenye kanga,
kwenye kikombe cha chai alichotuletea Somoe.
Mkorosho hauulizwi.

Anakohoa. Anafikicha macho.
"Mama, hii nayo ni dawa?"
"Ya mikorosho."
"Mbona tunaivuta sisi?"

Dadi akazima mota.
Tukasimama watatu, unga unatutulia vichwani polepole,
kama hauna haraka na mtu.

Kisha nikavua mtandio wangu,
nikamfunga puani na mdomoni,
nikakaza fundo kisogoni.
Alivuta, alinung'unika kuwa unabana.

Sikumuuliza.